Sambusa za Karanga Tulizokula Utotoni

Mwezi huu ninakuomba uingie pamoja nami jikoni. Wewe kijana mwanaume pia, usifungue ukurasa mwingine ukisema haya ni mambo ya wamama. Mbele kuna neno moja linalokuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote, zaidi sana kama unatafuta maisha kwenye shimo la zahabu.

Nikuulize kwanza: ni chakula gani cha utoto ambacho ulimi wako haujasahau? Wengine watasema sombe ya tate wao, wengine samaki ya moshi, wengine ndizi za kuchoma zilizoliwa shambani mvua ikinyesha. Mimi ni sambusa. Lakini si hizi za nyama ao za viazi na kitunguu ambazo unanunua leo pale magari yanaposimama. Zetu zilikuwa tamu. Ndani mulikuwa karanga zilizotwangwa, na kitu fulani chenye utamu, kikishikamana na karanga hata ukiuma hakimwagiki. Nje ngozi ilikuwa nyembamba, yenye kulia kwenye meno. Mama alizikaanga usiku wa kuamkia Krismasi, na tulizikuta asubuhi ndani ya beseni, zimefunikwa na kitambaa. Kila mtoto alipata tatu. Mdogo wangu alikuwa anakula mbili na kuficha moja chini ya mto wa kulalia, na kila mwaka sisimizi walimtangulia.

Miaka mingi imepita. Sasa niko na watoto wangu, na wanajua biskiti za paketi na bonbon. Mwaka uliopita binti yangu aliniuliza: "Mama, zile sambusa unazisemaka kila Krismasi, ziko wapi?" Nikaona haya. Ninazisema, sijawahi kuzitengeneza hata mara moja.

Mara mbili nilishindwa

Nilianza kwa kiburi, nikuambie ukweli. Nilisema moyoni: unga ya ngano, karanga, sukari, mafuta, kuna nini cha kujifunza? Nikakaanga karanga, nikazitwanga, nikachanganya na sukari nyingi, nikafunga, nikatia ndani ya mafuta. Sukari iliyeyuka, ikapata njia kwenye pembe, ikamwagika. Mafuta yakawa meusi sawa kahawa, na moshi ukatutoa wote nje. Jirani mmoja akapita akauliza kama tunachoma plastiki.

Mara ya pili nilipunguza sukari na kufunga pembe vizuri. Hazikumwagika. Lakini ndani mulikuwa kama muchanga mukavu; ukiuma, karanga zinaanguka kwenye nguo. Watoto wangu walikula kwa heshima. Wa mwisho, ambaye bado hajajua kuficha neno, akasema: "Mama, biskiti ni muzuri zaidi."

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Sasa ni mzee, miguu inamuuma, lakini macho yake yanaona kila kitu. Mara zote mbili alinyamaza. Jioni ile nilipokuwa ninaosha karai, akaniita.

"Mama," akasema, kwa kuwa ananiita hivyo tangu utoto, "weye unatia sukari?"

"Ndiyo, Mama. Si ndivyo ulivyokuwa unafanya?"

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Ni nani alikuambia tulikuwaka na sukari?"

Msomaji, nilibaki nimesimama na karai mkononi. Kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa nimebeba katika kichwa changu sukari ambayo haikuwamo.

Safari ya sambusa mpaka pori yetu

Kabla sijakuambia ni nini kilichokuwamo, ngoja kidogo tuangalie chakula hiki kilitoka wapi, maana vijana wengi wanafikiri sambusa ilizaliwa Bunia.

Jina lake ni la Waajemi wa zamani, watu wa nchi ambayo leo tunaita Irani. Waarabu walilichukua, na katika kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kuna sambusa za nyama, na pia zile zilizojazwa sukari na lozi. Unaona? Ile tamu si uvumbuzi wa juzi. Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, aliandika baadaye juu ya sambusa alizoziona India kwenye meza ya mfalme wa Delhi, zenye nyama pamoja na lozi. Biashara ya Bahari ya Hindi ilizileta kwenye pwani ya Waswahili, na huko mpaka leo wako wamama wanaotengeneza sambusa tamu za nazi yenye sukari na hiliki.

Kutoka pwani, misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu ilipita Tabora, Ujiji na Maniema, ikaingia katika pori la Ituri miaka ya 1880. Stanley alipopita hapa mwaka 1887 aliwakuta watu wao wamekwisha kukaa penye mto Ituri, pale Ipoto na kwingineko. Walifanya mabaya mengi, tusifiche: walichoma vijiji na kuchukua watu utumwa. Nyuma yao vilibaki pia vitu ambavyo leo tunaviita vyetu. Lugha hii unayosoma ni kimoja. Muchele ni kingine; ukipita leo barabara ya kwenda Nia-Nia wakati wa mavuno, utaona muchele umeanikwa mbele ya nyumba.

Ngano haioti katika pori letu lenye joto na mvua. Inapenda baridi ya milima, kama kule Lubero. Kwa hiyo unga ya ngano hapa Mambasa ilikuwa sikuzote kitu cha kuja na gari. Nilipokuwa mtoto, wakati wa Zaïre, gari ilitegemea barabara, na barabara ilitegemea mvua. Malori yalilala kwenye matope majuma mazima. Ndiyo sababu sambusa zilikuwa za Krismasi tu. Mama alijifunza kuzikunja kwa jirani yake, mama mmoja wa ukoo wa wale tunaowaita Waungwana, na jirani huyo alikuwa anatia nyama. Karanga ni mawazo ya mama yangu mwenyewe, kwa kuwa karanga zilitoka shambani kwake na nyama ilitaka pesa.

Mwaka ambao sukari ilipotea

Sasa turudi kwa mama kwenye kiti chake.

Mwanzoni, aliniambia, kweli alikuwa anatia sukari. Mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Halafu pesa ikaanza kuharibika. Wazee mnaosoma mnajua: bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Mwezi wa kumi 1993 Serikali ya Mobutu ilileta zaire mupya, moja ikiwa sawa na milioni tatu za zamani, na hiyo nayo ikaoza upesi. Baba yangu alikuwa mwalimu. Mushahara wa mwalimu wakati ule ulikuwa ni neno tu. Krismasi ya mwaka ule mama aliuliza bei ya kopo moja la sukari, akarudisha pesa zake kwenye kitambaa, akarudi nyumbani.

"Nililia njiani," akaniambia. "Haikuwa mambo ya sukari. Nililia kwa sababu ya beseni. Niliwaona asubuhi munafunua kitambaa na beseni haina kitu."

Nyuma ya shamba letu kulikuwa kambi ya Bambuti. Mama mmoja wa kambi ile alikuwa anakuja kwetu tangu zamani. Mama alimpa muchele, ndizi na chumvi, naye alileta nyama ya pori, uyoga, na wakati wake ukifika, asali. Katika pori la Ituri asali ina majira yake. Maua ya miti mikubwa yakishapita, kufika mwezi wa sita, wanaume wa Kimbuti wanapanda juu sana wakiwa na shoka na moshi wa kutuliza nyuki. Mama alikuwa ameweka chupa moja ya asali ile kwa ajili ya dawa ya kikohozi. Usiku wa Krismasi aliitazama, akaiweka juu ya jiko.

Basi ndiyo hiyo. Kile nilichokiita sukari miaka yote ni asali ya pori iliyochemshwa. Kutoka 1993 mama hakurudi tena kwenye sukari, hata pale alipoweza kuinunua, kwa maana aliona kwamba asali inashika karanga na sukari kavu haishiki.

Namna ya kuzitengeneza

Jumamosi iliyofuata tulifanya pamoja, yeye kwenye kiti, mimi chini. Ninakuandikia kama alivyonielekeza, na vipimo nilivipima mwenyewe kwa sababu yeye hapimi. Anasema tu "mpaka itoshe".

Chukua nusu kilo ya unga ya ngano, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vikubwa viwili vya mafuta. Usitie chachu. Tia maji kidogo kidogo, karibu kikombe kimoja cha chai na kidogo zaidi, ukikanda mpaka donge liwe laini na lisishike vidole. Kanda kwa nguvu, kama robo saa. Kisha lifunike kwa kitambaa chenye maji na uliache nusu saa. Hapa ndipo mimi nilikuwa ninaharakisha. Donge lisilopumzika linarudi nyuma kila ukilisukuma, na ngozi inabaki nene.

Wakati linapumzika, shughulika na karanga, gramu 300 hivi. Zichague moja moja. Yenye kukunjamana, yenye rangi ya kijani ao nyeusi, yenye uchungu, tupa. Usiwape hata kuku. Katika unyevu wa kwetu kuvu inaingia upesi ndani ya karanga, na sumu yake inaharibu maini. Moto wa kukaanga hauimalizi. Karanga nzuri zikaange polepole bila mafuta mpaka ganda jekundu litoke, pepeta, halafu twanga kwenye kinu. Twanga kidogo tu! Mama alinipiga mkono nilipozidisha. Ukitwanga sana mafuta yanatoka na unapata siagi ya karanga. Unataka vipande ambavyo meno yatavikuta.

Chuja asali kwa kitambaa safi ili nta na takataka zibaki. Tia vijiko vikubwa sita ndani ya sufuria ndogo, moto mdogo, koroga. Itapanda na povu, usiondoke. Chukua kikombe cha maji baridi na udondoshe tone moja. Kama linayeyuka, bado. Kama linakaa chini na unaweza kulifinyanga kwa vidole kama kidonge laini, epua mara moja. Mimina karanga zote, chumvi ya kushika kwa vidole viwili, na ganda la ndimu lililokwanguliwa ao tangawizi kidogo. Changanya haraka kabla haijagandamana. Ikipoa, finyanga vidonge 32 vyenye ukubwa wa kidole gumba.

Hauna asali? Usihuzunike. Weka sukari gramu 120 na vijiko vikubwa vitatu vya maji na matone ya ndimu, chemsha mpaka kipimo kilekile cha tone katika maji baridi. Itashika pia. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitia kavu. Lakini ladha haitakuwa ileile, nisikudanganye. Na neno moja kwa wazazi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata iliyopikwa namna hii, kwa maana inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kupigana navyo.

Sasa ngozi. Gawa donge sehemu nane. Sukuma kila moja iwe kama sahani ndogo. Sisi tunatumia chupa iliyooshwa. Pakaa mafuta juu, nyunyizia unga, weka ya pili juu yake, halafu ya tatu na ya nne. Ya nne usiipake juu. Sasa sukuma zote nne pamoja mpaka zipanuke kama sahani kubwa ya wali. Weka juu ya kikaango kikavu chenye moto kidogo, hesabu mpaka kumi, geuza, hesabu tena mpaka kumi. Hazitakiwi kuiva, zinatakiwa tu kuachana. Zitoe, zibandue moja moja zingali moto, ukipuliza vidole. Fanya vilevile na nne zilizobaki. Kata kila moja vipande vinne. Kunja kila kipande kama kifuko cha karatasi ambacho mama muuza karanga anakupa, tia kidonge, finika, na ufunge kwa uji mzito wa unga na maji. Angalia pembe ya chini: kama mwanga unapita, mafuta pia yatapita.

Mafuta yasiwe na moto mkali. Tupa kipande kidogo cha ngozi: kinatakiwa kuzama, halafu kupanda polepole kikiwa na mapovu madogo. Kikipanda na kuwa rangi ya kahawa papo hapo, punguza makala. Kaanga tano ama sita kwa mara moja, ukigeuza, mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Mama alitumia mafuta ya mawese yaliyochemshwa mpaka wekundu ukaisha. Mimi ninatumia ya chupa, moshi ni kidogo.

Karai ya jirani

Hapa ninafika kwenye neno nililokuahidi, wewe kijana wa shimo.

Siku ile karai yetu ilikuwa ndogo, na watoto walikuwa wanazunguka kama nyuki. Kijana mmoja jirani, mtoto mwema kabisa, alisikia harufu akaja mlangoni. "Mama, niko na karai kubwa, niwaletee?" Akaileta. Ilikuwa safi, imesuguliwa kwa majivu. Nilipotaka kuiweka kwenye moto, nikamuuliza, sijui kwa nini: "Unaipikiaka nini?"

Akasema bila kuficha: "Hapana, Mama, chakula hapana. Tunachomeaka zahabu."

Niliiweka chini. Ninajua wengi wenu mnafanya hivyo, maana kwenye machimbo hakuna vyombo. Unachanganya muchanga wa zahabu na zebaki, ile mnaita merkiri. Inashika zahabu, unapata donge jeupe. Unaliweka kwenye kikaango juu ya moto, merkiri inaondoka na zahabu inabaki. Lakini inaondoka kwenda wapi? Inakuwa mvuke ambao hauonekani na hauna harufu. Unaingia kwenye mapafu yako na ya kila mtu aliye karibu. Mwingine unapoa na kukaa kwenye kuta, kwenye bati, kwenye nguo, kwenye chombo chenyewe. Unaharibu ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahau maneno, anakasirika bure, na majirani wanasema amelogwa. Kwa mama mwenye mimba unafika mpaka kwa mtoto tumboni.

Sabuni na majivu havitoshi kusafisha chombo kama hicho. Kisirudi tena jikoni, hata kwa kuchemsha maji. Na kuchoma kwenyewe kusifanyike ndani ya nyumba, wala karibu na watoto, wala na mama mjamzito. Wako wachimbaji wanaotumia chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha merkiri, na hata hesabu ya pesa inawapa haki kwa sababu hawainunui upya kila mara. Ulimwengu ulijifunza ukali wa zebaki kule Minamata, Japani, ambapo mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda. Hiyo ilikuwa aina nyingine ya zebaki, iliyopitia chakula, lakini mapatano ya mataifa ya kupunguza zebaki, ambayo yalianza kufanya kazi mwaka 2017, yaliitwa kwa jina la mji ule, na machimbo madogo ya zahabu kama yetu yamo ndani yake.

Kijana yule alisikiliza yote. Halafu akauliza swali ambalo lilinichoma: "Mama, na ile sufuria tunapikiaka fufu kule kambini? Ni moja tu." Tulimpa sambusa sita na sufuria ya zamani ya baba yangu. Karai yake aliirudisha kwenye shimo, na sasa imetobolewa upande ili mtu asikosee kuipikia.

Deni la asali

Nilikuwa nimebaki na swali. Kama mama alijua yote haya, kwa nini aliacha? Sisi watoto tulifikiri ni uzee. Lakini alikuwa bado na nguvu alipoacha.

Alinijibu akiwa anakunja, bila kuinua macho. Katika mwaka 2002, wakati wa asali, yule mama wa Kimbuti alileta chupa mbili. Mama hakuwa na kitu cha kumpa. Akamwambia: "Ngojea mavuno, nitakupa chumvi na kitenge." Mama yule akakubali, akaacha chupa, akaenda. Walikuwa wamezoeana hivyo.

Halafu vita ikafika. Mwisho wa mwaka 2002 na mwanzo wa 2003, wale waliokuwa Mambasa wanajua, na wale ambao hawakuwako waache kuuliza sana. Watu kwa maelfu walikimbia kuelekea Beni. Mimi nilikuwa na miaka 18, nilibeba mdogo wangu. Mama alibeba muchele na godoro. Kwenye pori, Bambuti waliteswa kuliko wengi. Tuliporudi kambi ile ya nyuma ya shamba haikuwako tena. Mama aliuliza. Mmoja akamwambia yule mama alielekea upande wa Lolwa, mwingine akamwambia usiulize.

"Sasa nitachemsha asali ya nani?" mama akaniuliza. "Niliikula, sikuilipa."

Sikuwa na jibu. Ninakiri pia kwamba sikuwahi, katika miaka yote ya kusifu sambusa zile, kufikiri ni nani aliyepanda mti. Tulizoea kusema asali inatoka porini, sawa kama pori linajifungia chupa lenyewe. Na sisi wanakijiji, tuseme kweli, mara nyingi tulitoa ndizi chache kwa kitu ambacho mtu alihatarisha shingo yake.

Leo asali imekuwa ghali. Miti mikubwa inakatwa kwa ajili ya mbao, mashamba ya kakao na machimbo, na nyuki hawakai kwenye kisiki. Tuko na hifadhi ya okapi yenye makao yake Epulu, iliyofanywa mwaka 1992 na kuandikwa na UNESCO mwaka 1996 kati ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, 1997, ikawekwa kwenye orodha ya zile zilizo hatarini. Watafutaji wa zahabu waliingia hata mule. Ninaandika hivi nikijua kwamba zahabu ndiyo inalipa masomo ya watoto wa wasomaji wetu wengi, na wangu pia.

Ukitaka kuuza sambusa hizi, vijana, jueni kwamba zinakaa vizuri siku tatu ndani ya chombo chenye kifuniko, kwa kuwa hazina nyama. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu anayetembea mpaka kwenye machimbo. Hesabu gharama yote, na makala pia, kabla ya kutaja bei. Na usikopeshe kwa ahadi ya zahabu ya kesho. Rafiki yangu mmoja alikopesha beseni zima, na shimo likahama.

Krismasi iliyopita beseni ilijaa. Watoto walipata tatu kila mmoja. Wa mwisho aliniomba msamaha kwa ajili ya neno la biskiti. Juma moja kabla, nilikuwa nimempeleka mama sokoni kwa pikipiki, polepole, kwa sababu alitaka kuchagua asali mwenyewe. Kulikuwa binti mmoja wa Kimbuti, mwenye chupa tatu mbele yake na mtoto mgongoni. Mama alionja kwa kidole, akauliza bei, hakupunguza hata franka moja. Akalipa chupa mbili. Kisha akafungua kitambaa chake, akatoa paketi ya chumvi na kitenge kipya kilichokunjwa, akaviweka juu ya magoti ya yule binti.

Binti akamtazama. "Mama, ulishalipa."

"Hii ni ya zamani," mama akasema, na akaniambia niwashe pikipiki.